Sauti ya Baba Baada ya Kondensa Mpya

Kupima kondensa nilijifunza jeshini, wakati wa vita, nikiwa katika kikosi cha mawasiliano. Kwa asiyejua, kondensa ni kitu kidogo chenye umbo la kipande cha chaki, kina waya huku na huku, kinakaa ndani ya redio au mashine yoyote ya sauti. Kazi yake ni kupitisha sauti kutoka valvu moja, zile taa za kioo za redio za zamani, kwenda nyingine na kuuzuia umeme mkali usipite pamoja nayo. Sajenti aliyetufundisha alikuwa anatukataza kusema redio inasikika vizuri au vibaya. Alitaka tumtajie namba. Nilikuwa nimefika darasa la kumi, namba nilizipenda, na maneno yake yaliniingia kuliko mengi niliyoyasikia kanisani.

Niliporudi Kyela nilipata kazi kwenye shule ya misheni. Nilifundisha hesabu, na nje ya darasa nilitunza jenereta na redio ya wamisionari. Nilikuja na kipimo changu cha kondensa, kisanduku cha mbao chenye sindano na kitufe cha kuzungusha, na kopo la biskuti lililojaa kondensa za jeshi ambazo hakuna aliyezihitaji tena. Kopo lile nililiweka juu ya kabati chumbani. Nchi yetu ni ya maji. Viatu huota ukungu ukiviacha wiki moja, chumvi huloa ndani ya chupa iliyofungwa. Kondensa za zamani zile zilikuwa za karatasi iliyopakwa nta. Nilijua yote mawili, kuhusu karatasi na kuhusu unyevu, na sikuyaweka pamoja.

Baba yangu alikuwa mkulima wa mpunga na ndizi karibu na Ipinda, na mzee wa kanisa. Mwaka mmoja kabla hajaugua, mchungaji mgeni alipata mashine ya kunasa sauti, ile ya magurudumu mawili na ukanda wa rangi ya udongo. Akawa anawaita wazee mmoja mmoja wazungumze mambo ya kilimo na desturi. Baba alizungumza muda wa kama robo saa. Alieleza jinsi ya kuchagua mbegu ya mpunga, kisha akaingia kwenye migomba, na katikati akaacha kila kitu akamuuliza mchungaji, "Huyu mbwa wako ananitazama nini?" Kisha akaendelea na migomba kama vile hakuna kilichotokea.

Baadaye akashikwa na ugonjwa wa koo. Miezi ya mwisho sauti yake ilikuwa nene na ya kukwaruza, kama inatoka chini ya blanketi. Mama ndiye aliyemuuguza. Alipofariki, mashine ilikuwa na ile robo saa yake, ya wakati alipokuwa mzima.

Mchungaji alikuwa na huruma. Alikubali kwamba Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya ibada, niwashe jenereta na kumpigia mama ule ukanda kwenye baraza ya shule. Mama alikuwa anatoka Ipinda alfajiri kwa miguu. Alikaa kwenye mkeka, akafumba macho, na baba alipofika kwenye mbwa, mama alimjibu kwa sauti, "Anakutazama meno!" Kila mwezi alimjibu vilevile, na kila mwezi wanawake walicheka. Ukanda ukiisha alisema "ndaga fijo", asante sana, kwa mashine, si kwangu, akajifunga nguo yake na kurudi nyumbani. Hakuwahi kuomba urudiwe mara ya pili.

Sasa lazima niseme juu ya mke wangu. Kwetu Wanyakyusa mke hakutani na baba wa mumewe. Hamtazami usoni, hakai naye chumba kimoja, halitaji jina lake wala neno linalofanana na jina lake. Akimsikia anakuja, anatoka njiani, anaingia migombani na kugeuza mgongo mpaka apite. Wamisionari walilikemea jambo hili, na baba kama mzee wa kanisa alikubaliana nao kwenye vikao. Nyumbani aliendelea kama zamani, na mke wangu pia. Niliwahi kumwambia kwamba sisi ni Wakristo. Alisema anajua, lakini miguu yake inaondoka kabla hajafikiri.

Kwa hiyo miaka yote ya ndoa yetu, mpaka baba alipofariki, mke wangu hakuwahi kumwona. Alimjua kwa kumsikia tu. Ilibidi amjue vizuri, na kwa mbali, katikati ya kelele za watoto na kuku, ili awahi kuondoka. Mimi mwanawe sikuwahi kuwa na sababu ya kuisikiliza sauti ya baba namna hiyo. Nilisikiliza alichosema.

Siku ya kwanza nilipoupiga ukanda ule barazani, yeye alikuwa uwanjani na wanawake wengine wakipepeta mchele wa karamu. Sauti ya baba ilipotoka, mke wangu aliangusha ungo, mchele ukamwagika, akakimbilia migombani nyuma ya darasa. Wanawake walikuwa wanalia, wakageuka kucheka.

"Kimbia, mama! Mkweo kaja na jenereta leo!"

"Jifiche vizuri, ana waya mrefu huyo!"

Mama yangu akawaambia, "Mwacheni. Ana adabu kuliko nyie wote."

Tangu siku hiyo, Jumapili ya ukanda mke wangu alitafuta kazi ya kufanya mbali na baraza. Hakuna aliyelishangaa hilo.

Masika yalipokwisha mashine ikanyamaza. Magurudumu yalizunguka lakini hakukuwa na sauti, muungurumo tu. Mchungaji aliniuliza kama naweza. Nikasema naweza. Nilifungua, nikakuta kondensa mbili zimepasuka na nta yake imetiririka. Nilishusha kopo langu la biskuti, nikachagua kondensa za jeshi za ukubwa uleule. Nilizipima moja moja kwenye kisanduku changu. Sindano ilikwenda pale ilipotakiwa kwenda. Nilipima mara ya pili, nikaandika namba kwenye daftari, nikachomelea. Zile mbovu nilizitupa.

Ilikuwa siku ya katikati ya juma, mchana. Mke wangu alikuwa ameniletea chakula, amekaa kwenye kizingiti cha stoo nilimokuwa natengenezea mashine, anachambua mchele huku akinisubiri nimalize. Nilisahau kumwonya. Nilitia ukanda nikawasha. Baba akaanza kuzungumzia mbegu. Sauti ilitoka kwa nguvu, nikafurahi sana. Nilipogeuka, mke wangu alikuwa bado amekaa pale pale, anaokota vijiwe kwenye mchele.

Aliinua kichwa baada ya muda. "Nani huyo?"

"Nani? Ni baba!"

Akasikiliza tena, ametulia, mkono ndani ya ungo. "Mwanzo alitaka kufanana," alisema. "Nilitaka kuinuka. Sasa si yeye."

"Ukanda ni ule ule."

"Sijui habari za ukanda. Kuanzia pale anapoingia kwenye migomba, anazidi kuwa mzito. Huyo ni mtu mwingine anasema maneno ya mzee."

Nilimwonyesha daftari. Nilimweleza kwamba kila kilichobadilishwa kimepimwa na kipo sawa na kilichotolewa, kwa hiyo sauti haiwezi kuwa tofauti. Nilimweleza taratibu, kama ninavyoeleza darasani, na najua jinsi hilo linavyoudhi.

"Ukinunua chungu cha Ikombe sokoni, unakipima upana kwa kamba?" aliniuliza.

"Chungu ni chungu."

"Nakigonga, Mwalimu. Vyungu viwili vinaweza kuwa na upana mmoja, kimoja kina ufa."

"Hiki si chungu."

"Haya. Lakini usimpigie mama huyu mtu."

Hapo ndipo nikasema neno ambalo ningependa kulirudisha. Nilimwambia, "Utamjuaje? Wewe hujawahi hata kumwona."

Hakujibu. Alimaliza kuchambua mchele, akachukua vyombo, akaondoka. Naandika kwamba hakujibu kwa sababu kwa miaka mingi nilipokuwa nakikumbuka kisa hiki nilimpa jibu la hasira, ili tuwe tumegombana wote wawili. Ukweli ni kwamba niligomba peke yangu.

Zilibaki siku nne kufika Jumapili. Katika siku hizo niliupiga ukanda ule mara nyingi, sikumbuki ngapi, asubuhi kabla ya masomo na jioni baada ya masomo. Nilikuwa nautafuta ubaya wake ili nijihakikishie haupo. Kwa kadiri nilivyosikiliza, ndivyo nilivyozoea. Kufika Ijumaa sauti ile ilikuwa ndiyo sauti ya baba, na sikumbuki kuwa na shaka yoyote. Nilipima kondensa tena bila kuzitoa mahali pake. Namba zilikuwa zile zile. Niliridhika.

Mama alikuja na nguo mpya. Walikuwa wamemwambia nyumbani kwamba mwanawe ameifufua mashine. Alikaa mkekani, akafumba macho. Nilikuwa nimeiwasha mashine mapema ili ipate moto, kwa hiyo ilikuwa imekwisha pata moto kabisa baba alipoanza.

Baba alisema maneno machache tu kuhusu mbegu. Mama akafumbua macho akanitazama. Sikuelewa. Aliendelea kunitazama wakati wote wa mbegu na mwanzo wa migomba, na mikono yake ilikuwa inafanya kitu juu ya magoti, kama inakunja kitambaa. Baba alipomuuliza mchungaji habari za mbwa, wanawake waligeuka kumtazama mama wakisubiri jibu lake. Halikuja.

"Zima," alisema.

"Bado haujaisha, mama."

"Zima, mwanangu."

Nikazima. Jenereta ilikuwa bado inanguruma nyuma ya nyumba. Mama alisema kwa sauti ya kawaida, kama anaulizia bei ya dagaa, "Kwa nini umemtoa kitandani? Nilikuwa nimekwisha kumlaza."

"Ni ile ya zamani, mama. Ya alipokuwa mzima. Ni ile ile."

"Hiyo ni sauti ya kitandani. Mimi ndiye niliyekuwa namgeuza. Naijua."

Mwanamke mmoja alijaribu kumpoza, akasema labda upepo. Mama alitikisa kichwa, akasimama, akajifunga nguo. Safari hii hakuishukuru mashine. Nilimtazama akiteremka njia ya Ipinda, wanawake wawili wakimfuata kwa nyuma kidogo, na mimi nilikwenda kuzima jenereta kwa sababu mafuta yalikuwa yanakwisha. Hilo ndilo nililolifikiria. Mafuta.

Mke wangu hakuniambia "nilikwambia". Alinipakulia chakula, na nilipomaliza nikamwomba anieleze tena, polepole, alichokisikia. Akanieleza kama mwanzo, bila kuongeza: mwanzoni inakaribia, kisha inazidi kuwa nzito kadiri mashine inavyoendelea. Safari hii niliandika alichosema. Inazidi kuwa nzito kadiri inavyoendelea. Kisanduku changu kilipima kondensa zikiwa baridi, kwa umeme mdogo wa betri. Ndani ya mashine zilikuwa zinakaa kwenye joto, na umeme wa volti zaidi ya mia mbili umezielemea.

Jumatatu niliwasha mashine, nikaiacha ipate moto, nikachukua mita ya volti na kugusa upande wa pili wa kondensa, upande ambao umeme hautakiwi kufika. Kwa dakika chache za kwanza sindano ililala. Kisha ikaanza kupanda. Umeme ulikuwa unavuja kupitia karatasi iliyokunywa unyevu wa miaka yote juu ya kabati langu, ukiingia kwenye valvu ya mwisho na kuikaba, na valvu iliyokabwa hutoa sauti iliyokabwa. Ukubwa wa kondensa ulikuwa sahihi kabisa. Daftari langu halikuwa na kosa hata moja.

Watu wamewahi kuniuliza, hasa vijana wa redio wa siku za baadaye, kama sikio linaweza kusikia kitu ambacho kipimo hakioni. Mimi najibu kwamba sijawahi kukutana nacho. Kitu kile kilipimika. Mita ya kawaida ilikionyesha, na mita hiyo ilikuwa mfukoni mwangu wiki nzima. Nilipima kilichokuwa rahisi kupima, nikakiita ndicho chote, na mtu aliposikia kilichobaki nikamwambia hajui. Sina lawama kwa kisanduku.

Niliagiza kondensa mpya Mbeya kwa dereva wa lori. Zilifika baada ya majuma matatu. Nilizipima kwa umeme mkubwa, katika joto, kutwa nzima. Hazikuvuja. Siku niliyochomelea, mke wangu alikuwa nje ya stoo anatwanga, na safari hii pia sikumwambia kitu, kwa makusudi. Niliacha mashine ipate moto kwanza. Kisha nikapiga ukanda.

Mchi ulinyamaza. Nilitoka mlangoni. Ulikuwa umelala chini kando ya kinu, na yeye alikuwa amekwisha fika migombani, amegeuza mgongo, amejifunika kichwa kwa khanga. Nilisimama pale na baba akaendelea kueleza mbegu nyuma yangu. Nikasikia furaha, kwa muda mfupi, ya fundi.

Jioni hiyo hiyo nilipanda baiskeli kwenda Ipinda. Mama alikuwa anaanua mpunga kwa sababu mawingu yalikuwa yanakuja kutoka milimani. Nilimsaidia kukunja mikeka. Nikamweleza kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba kulikuwa na kifaa kibovu, na sasa sauti ni ile ya kweli, hata mkwewe amekimbia.

"Amekimbia?" Alitabasamu kidogo.

"Mpaka migombani."

"Basi ni yeye."

"Njoo Jumapili, mama."

Aliendelea kufagia punje zilizobaki ardhini, akizikusanya kwa upande wa kiganja. "Hapana," alisema.

"Ni nzuri sasa. Nakuapia."

"Nimekusikia, taata. Ni nzuri." Alinyanyua kapu, akalishusha tena. "Ile nzuri nilikuwa nayo. Nikipalilia nilikuwa naisikia. Nikipika, pia. Nilikuwa nakuja kwenye mashine yenu kuifuta vumbi tu. Sasa nikiitafuta, inakuja hii nyingine. Nikija Jumapili nikaisikia nzuri, nikirudi njiani itakuja hii, na nitakuwa nimemuuguza tena. Siwezi kumuuguza kila mwezi."

"Labda ukiisikiliza mara nyingi, hii nyingine itaondoka."

"Na isipoondoka?"

Sikuwa na namba ya kumpa. Aliniambia hajanikasirikia, na naamini hakunikasirikia. Alinipa ndizi zilizopikwa kwa maziwa, akanisimamia mpaka nikamaliza. Mvua ilinikuta njiani.

Hakuja Jumapili hiyo wala nyingine yoyote. Ibada alianza kusali kanisa dogo la karibu na kwake. Aliishi miaka sita baada ya hapo, na watu wakimtajia marehemu mumewe alibadilisha mazungumzo, yeye ambaye zamani alikuwa akimtania kana kwamba yupo chumba cha pili. Wajukuu walikua wakidhani babu yao alikuwa mtu asiyefaa kutajwa. Mchungaji alirudi kwao kabla ya Uhuru na mashine yake. Ukanda aliniachia mimi. Unyevu uliula, rangi yake ikawa inabaki vidoleni ukiushika, na nilipopata mashine nyingine ya kuupigia ulikuwa hauna kitu.

Mke wangu nilimwomba msamaha kwa lile neno, lakini baada ya muda mrefu mno, siku ya maziko ya mama. Alisema alikwisha lisahau. Sidhani. Alikuwa mtu wa kukumbuka sauti.

Mimi sina ile nzuri. Katika zile siku nne niliisikiliza ile mbaya mara nyingi kuliko mtu yeyote, nikithibitisha kwamba ndiyo yenyewe, na ndiyo iliyobaki. Nikijaribu kumsikia baba akiniita shambani, au akisoma kanisani, au akimsema yule mbwa, anatoka akiwa amekabwa. Mke wangu alikuwa nayo mpaka alipofariki, mwaka juzi. Hakuweza kuniigizia, maana hata uzeeni kinywa chake hakikukubali maneno ya mkwe wake. Nilimwomba mara moja tu. Alinitazama kwa huruma, akaniuliza kama nimekwisha kunywa dawa zangu.